Tarakimu Sita Kabla ya Fedha

Katika mji wa Hopkins, ulio upande wa magharibi wa Minneapolis katika jimbo la Minnesota, ambako, kama katika vitongoji vingine vya Minneapolis, wamekaa jamaa zetu waliotoka Kenya, Tanzania, Kongo na Somalia, si ajabu kijana mwenye mshahara wake wa kwanza kuiona Mazda RX-8 iliyotumika ikiuzwa kwa bei isiyozidi ile ya gari la kawaida la kwendea kazini, na moyo wake ukavutwa na umbo lake, na wepesi wa usukani wake, na ile milango ya nyuma ifungukayo kinyume cha milango ya magari mengine. Simlaumu kijana huyo kwa kulipenda gari hilo, kwa kuwa ni gari la kupendeza, na injini yake ya rotari ni miongoni mwa kazi za ustadi mkubwa zilizopata kuwekwa chini ya boneti. Rai yangu kwake ni moja: asitoe fedha yake kabla hajatiwa mkononi karatasi yenye tarakimu 6 za kompresheni, 3 za rota ya mbele na 3 za rota ya nyuma, pamoja na kasi ambayo stata iliizungusha injini wakati wa kupimwa, na ikiwa muuzaji ni mtu wa kwao, basi sharti hilo na lizidi nguvu badala ya kupungua.

Nasema hivi kwa sababu baina yetu kuna muhali. Mtu huona haya kumwambia mwenziwe, ambaye huenda walisali safu moja Ijumaa au walikaa benchi moja kanisani Jumapili, kwamba gari analitaka lakini kwanza lipelekwe kwa fundi atakayemchagua yeye mnunuzi, akihofu kuwa ombi hilo litachukuliwa kuwa ni tuhuma. Basi hunyamaza, hulizunguka gari mara mbili tatu, hulisikiliza likinguruma, husifu rangi, na hutoa fedha. Na baada ya majuma machache urafiki wenyewe, ambao muhali ulikusudiwa kuuhifadhi, huvunjika kwa maneno mazito kuliko yale ambayo kipimo kingeyazua. Waislamu wanakijua kisa cha Mtume alipopita katika soko la Madina akatia mkono wake ndani ya rundo la nafaka, akaikuta chini imelowa hali juu ni kavu, akamkemea mwenye mali kwa kuificha sehemu mbovu. Hakuridhika na kuutazama uso wa rundo, wala hakuona kuwa kutia mkono ni kumvunjia mtu heshima. Injini ya rotari ni bidhaa ambayo kwa nje haionyeshi lolote, na mkono wa kutia ndani yake ni geji.

Ili msomaji aone kwa nini tarakimu ni 6 na si 2, hapana budi aifahamu injini yenyewe. Haina pistoni wala vali. Ndani yake mna rota zenye pande tatu, kila moja ikizunguka ndani ya chumba chenye umbo la yai lililobanwa kiunoni, na kila upande wa rota hufanya kwa zamu yake kazi zote nne za kuvuta mchanganyiko wa hewa na petroli, kuugandamiza, kuuchoma na kuutoa moshi; kwa hiyo kila rota ni kana kwamba ina vyumba 3 vinavyosafiri pamoja, na shafti huzunguka mara 3 kila rota izungukapo mara 1. RX-8 ina rota 2, kila moja yenye ujazo wa sentimita za ujazo 654. Katika kila ncha ya rota kuna kipande chembamba cha chuma kinachosukumwa na springi kuukabili ukuta wa chumba, nacho ndicho mafundi wakiitacho sili ya ncha; ubavuni kuna sili nyingine zilizopindika kufuata ukingo wa rota, na pembeni kuna vijisili vya mviringo vinavyoziba mahali zinapokutana hizo mbili. Pampu ndogo huingiza matone ya oili chumbani kwa makusudi, ili sili zisisuguane na ukuta zikiwa kavu, na ndiyo sababu injini hii hula oili hata ikiwa nzima. Mwenye kusahau kuongeza oili huiua bila ya kusikia kilio chake.

Udhaifu wa sili si habari ya jana. Felix Wankel, Mjerumani, alipoona injini yake ya kwanza ya majaribio ikizunguka katika kiwanda cha NSU mwaka 1957, watu wengi walidhani kwamba zama za pistoni zimekwisha. Lakini NSU ilipolitoa gari lake la Ro 80 mwaka 1967, sili zililiangusha, wateja wakarudi na injini zilizokufa mapema, na gharama za kuwatengenezea zikaitia kampuni katika dhiki kubwa, hata ikamezwa mwaka 1969 na kundi la Volkswagen. Mazda, iliyopata leseni mwaka 1961, iliwakabidhi kazi hiyo wahandisi wakiongozwa na Kenichi Yamamoto, nao walikuta ndani ya vyumba vya majaribio mikwaruzo ya mawimbi iliyochimbwa na sili, wakaiita kucha za shetani. Walitaabika nayo muda mrefu kabla ya kuliuza gari la Cosmo Sport mwaka 1967. Kampuni hiyohiyo ikafika mwaka 1991 kushinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans kwa gari la 787B lenye rota 4. Hata hivyo, baada ya ushindi huo na baada ya maarifa yote hayo, ilibidi Mazda iongeze dhamana ya kiini cha injini kwa RX-8 za miaka 2004 hadi 2008 zilizouzwa Marekani mpaka miaka 8 au maili 100,000. Muda wa dhamana hiyo umepita zamani. Lakini imewaachia wanunuzi faida moja: gari ambalo injini yake ilibadilishwa kwa dhamana lina kumbukumbu ya kazi hiyo kwa namba ya chasisi, na muuzaji mkweli hatakuwa na uzito wowote wa kuitafuta.

Sasa nije kwenye kipimo, ambapo ndipo watu wengi hughurika. Geji ya kawaida ya kompresheni, ile iliyomo katika sanduku la kila fundi, ina vali ndogo mwishoni mwa mpira wake, na kazi ya vali hiyo ni kuishika pumzi iliyo kubwa kuliko zote ili sindano isirudi nyuma. Kwa injini ya pistoni hilo ni jambo jema, kwa kuwa silinda 1 ina chumba 1. Kwa rota, vyumba 3 hupita mbele ya tundu lilelile la plagi, na geji hiyo itashika pumzi ya chumba chenye nguvu kuliko vyote na kuvisahau viwili vilivyobaki. Kwa hiyo rota yenye upande 1 mzima na pande 2 zilizokufa hupewa shahada sawa na rota iliyo nzima kabisa. Mtu anayekuonyesha tarakimu 2, moja kwa kila rota, akakuambia kwamba injini imepimwa, huenda anasema kweli kwa kadiri ya alivyoambiwa, lakini shahada yake haithibitishi kitu.

Chombo kinachofaa ni kile cha elektroni ilichokitengeneza Mazda yenyewe, au vile vya watengenezaji wengine wadogo, ambavyo husoma kila upande kwa peke yake na kuandika kasi ya mzunguko. Ambaye hana chombo hicho asikate tamaa. Aitoe ile vali katika mpira wa geji yake, apige stata, na aitazame sindano ikiruka: kila mruko ni upande 1 wa rota, na miruko ikiwa mikubwa na sawasawa, ni dalili njema, ila ikiwa inaruka mmoja mkubwa na miwili midogo, au miwili mikubwa na mmoja mdogo, kasoro imejidhihirisha. Aipige picha ya video kwa simu, aihesabu miruko ya sekunde 10, na aizidishe mara 6. Kwa kuwa shafti ikizunguka mara 1 upande 1 hugandamiza, hesabu hiyo ndiyo kasi ya stata kwa dakika. Miruko 42 ni mizunguko 252, na hiyo ni kasi inayokubalika.

Masharti ya kipimo nayo yana haki yake. Injini iwe imepata moto wake kamili, betri iwe imejaa, petroli isiruhusiwe kuingia, na pedeli ya mafuta ikanyagwe mpaka chini ili hewa ipite bila kizuizi. Kipimo cha Mazda kwa injini ya RX-8, katika mizunguko 250 kwa dakika, ni kilogramu 8.5 kwa sentimita ya mraba, yaani kama paundi 120 kwa inchi ya mraba. Mpaka wa chini ni 6.9, yaani paundi 98 hivi; pande za rota moja zisipitane kwa zaidi ya 1.5, na rota mbili zisipitane kwa zaidi ya 1. Tarakimu isiyoambatana na kasi yake haina maana, kwa kuwa stata mpya yenye nguvu, ikiizungusha injini kwa kasi kubwa kuliko 250, itazipandisha tarakimu za injini iliyochoka, na betri dhaifu itaziangusha tarakimu za injini isiyo na lawama. Nimesikia watu wakibishana juu ya tarakimu kwa nusu saa nzima pasipo hata mmoja wao kuuliza stata ilikwenda kwa kasi gani.

Zikipatikana tarakimu hizo, husema mengi kwa anayezisikiliza. Pande 2 zinazofuatana zikiwa chini na wa tatu ukiwa mzima, tazama ile sili ya ncha iliyo baina yao, kwa kuwa sili 1 hutenga vyumba 2, na ikivunjika au ikikwama humdhulumu jirani wa kulia na wa kushoto kwa pamoja. Upande 1 ukiwa chini peke yake, tuhuma huelekea kwenye sili ya ubavuni au ya pembeni ya upande huo, na pengine ni masizi tu yaliyoikwamisha. Pande zote 3 zikiwa chini kwa usawa, hiyo ni injini iliyozeeka kwa desturi ya dunia, ukuta wake umelika na sili zake zimepungua, nayo huenda ikaendelea kutembea kwa muda, lakini mnunuzi ajue kwamba ananunua siku zake za mwisho. Wala asihukumu kwa kukosa nguvu peke yake: koili za plagi za RX-8 huchoka mapema, na kisafisha moshi kilichoziba huifanya injini nzima ionekane kama mgonjwa. Nimeona inafaa kulisema hili kwa ajili ya wauzaji nao, kwa kuwa injini nyingi zimehukumiwa kufa kwa kosa la koili.

Hapa Hopkins baridi ina sehemu yake katika jambo hili, na mtu aliyezaliwa Tanga au Malindi huenda asiitambue mpaka imdhuru. Usiku wa Januari huweza kushuka chini ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Betri hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake, oili huwa nzito, na stata huizungusha injini kwa uvivu. Injini ya rotari ikizungushwa polepole, pumzi huvuja katika sili kabla ya kugandamizwa vya kutosha, nayo haiwaki. Kila jaribio huongeza petroli chumbani, plagi hulowa, na petroli ile huiosha oili iliyokuwa ikisaidia sili kuziba, basi kompresheni hupungua zaidi ya ilivyokuwa mwanzo. Mazda iliyatambua hayo, na badala ya stata za miaka ya kwanza ikaleta zilizo na nguvu zaidi. Fauka ya hayo, kuna desturi ya theluji. Katika jiji la Minneapolis, ikitangazwa dharura ya theluji, magari huhamishwa kwa siku 3 kutoka upande mmoja wa njia hadi mwingine ili matingatinga yapite, na katika maegesho ya nyumba za kupanga za Hopkins wenyeji huambiwa wayasogeze magari yao asubuhi kwa sababu iyo hiyo. Mwenye gari la kawaida huwasha, husogea mita chache, huzima, na habari imekwisha. Mwenye rotari akifanya hivyo huiacha injini baridi imejaa petroli mbichi, na akirudi jioni haiwaki. Basi asipoweza kuliendesha mpaka lipate moto, heri alisukume kwa mikono na majirani wamsaidie.

Kwa hiyo gari lililokataa kuwaka Hopkins mwezi wa Januari halijathibitika kuwa limekufa, na lililowaka halijathibitika kuwa zima. Mtihani mkali wa rotari uko upande wa joto. Oili nzito ya injini baridi husaidia kuziba mianya, na betri ikiwa nzuri injini mbovu yaweza kuwaka asubuhi kwa adabu kamili. Ikisha kupata moto, oili ikawa nyepesi na mianya ikafunguka, hapo ndipo hukataa. Mnunuzi alichukue gari katika Barabara Kuu ya 169 mpaka lipate moto wake, arudi, azime, angoje dakika 10, kisha awashe tena. Stata ikihangaika muda mrefu kabla ya injini kushika, amekwisha pata nusu ya jibu bila ya geji. Na muuzaji asiyetaka kulizima gari wakati wote wa maonyesho, au aliyelizima akasema kwamba ana haraka na hapana haja ya kuwasha tena, aombwe kwa upole na kwa mara ya pili. Akikataa, salamu zinatosha. Kuna wengine ambao hutia oili katika matundu ya plagi kabla ya kipimo, ili sili zizibe kwa dakika chache na tarakimu zipande. Hilo ni ghashi, na moshi mzito wa bluu utokao baada ya kuwasha humfedhehesha mwenye kulifanya.

Asije mtu akadhani kwamba sheria itamwokoa baadaye. Sheria ya Minnesota humtaka mfanyabiashara wa magari atoe dhamana fupi kwa baadhi ya magari yaliyotumika, lakini gari lililopita maili 75,000 limo nje ya himaya hiyo, na mauziano ya mtu na mtu hayamo kabisa. Karatasi ambayo kanuni ya shirikisho imetaka ibandikwe katika dirisha la kila gari lililotumika la kuuzwa na mfanyabiashara tangu mwaka 1985, ikiwa imetiwa alama mahali panaposema kwamba gari linauzwa kama lilivyo, maana yake ni kwamba kasoro zote ni zako mara tu ukisha kutia sahihi. Kwa rotari, kasoro hiyo ni injini nzima, na gharama ya kuifungua na kuijenga upya ni maelfu ya dola.

Ndugu zetu walioko nyumbani nao wana haja ya maneno haya, kwa kuwa RX-8 zimeingia kwa wingi Mombasa na Dar es Salaam kutoka Japani. Kenya haikubali gari lililopita miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza, na kwa kuwa gari hili liliacha kutengenezwa mwaka 2012, zilizoko Nairobi leo zinazunguka mikononi mwa wenyeji, kila mwenye nayo akimrithisha mwenziwe maradhi asiyoyataja. Hesabu moja wasiisahau. Hewa ya Nairobi, mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, ni nyepesi kwa asilimia 18 hivi kuliko ile ya Mombasa, na geji hupungua kwa kadiri hiyo au zaidi. Injini isomayo paundi 120 Mombasa yaweza kusoma karibu na 98 Nairobi, pale pale penye mpaka wa kifo katika kitabu cha Mazda, nayo ni ile ile wala haijadhurika. Fundi wa Nairobi asiyelisahihisha jambo hili atawafungulia watu injini nzima na kuwatoza fedha, si kwa hiana bali kwa kutojua. Kwetu Hopkins, chini ya mita 300, tofauti ni ndogo.

Nawaomba mafundi wetu wa Hopkins, St. Louis Park na Brooklyn Park, ambao wengi wao ni hodari kwa Toyota na Honda na huogopa kuigusa rotari, wachangie chombo kimoja cha elektroni na kukizungusha baina yao, na watoze ada ya haki kwa kila kipimo, na waandike tarakimu 6, kasi, tarehe na maili katika karatasi yenye sahihi ya fundi. Muuzaji ndiye anayefaa kuileta karatasi hiyo kwanza, kabla hajaombwa, kwa kuwa ikishakuwa desturi ya kila muuzaji, mnunuzi hatakuwa na muhali wa kuiulizia. Na tarakimu zikitoka mbovu, biashara haijafa. Gari lenye sili zilizokwisha bado lina giaboksi, bodi, viti na magurudumu, na wako wanunuzi wanaolitaka kwa bei ya gari lisilo na injini, wakijua kabisa wanachokitwaa. Waketi muuzaji na mnunuzi, watoe katika bei gharama ya injini mpya, na wapatane juu ya kile kilichobaki.